Ndago za Rangi Zilizong'olewa Kitangari

Mbuzi wa Kitangari wamekula ndago zangu zote za rangi, pamoja na mashina mama.

Hawakuvunja uzio. Walipelekewa kwenye karai.

Najua wapo mlioanza kucheka. Mtu mzima anapanda ndago? Chekeni mmalize, halafu msome.

Nina kitalu cha maua Masasi, pembeni ya barabara ya kwenda Chiungutwa. Ndago hizo nililetewa na dereva wa lori kutoka Lushoto. Ni ukoo mmoja na zile zinazotutesa shambani, sibishi. Ila hizi hazitambai. Zinakaa kichaka kimoja, majani yanamwagika kama nywele.

Kuna za dhahabu, kuna zenye mstari mweupe ukingoni, kuna za rangi ya shaba. Kiangazi kikikausha kila kitu, zenyewe ziko vilevile, mradi zipate kivuli na maji.

Kasoro yake ni moja. Mbegu haikupi rangi ileile. Ukitaka nyingine unachimba shina mama, unaligawa kwa kisu, unapanda vipande.

Ukipoteza mama, biashara imekufa.

Basi akaja Abdulatifu.

Huyu ni mnunuzi wa korosho, ana nyumba kubwa Kitangari. Ni mtu wa kumwita kila mtu bosi ili na yeye aitwe bosi. Alikuwa anamwoza binti yake, Faidha, na wakwe walikuwa wanatoka Dar. Akataka njia ya kutoka getini hadi barazani ipambwe pande zote mbili, wakwe waone kwake kuna kijani hata kiangazi.

Kununua hakutaka. Alitaka kuazima.

Nikakubali, kwa sababu wageni wa harusi ni wateja. Nikampa miche yote iliyokuwa kwenye viriba. Ikapungua. Akanyoosha kidole kwenye mashina mama.

Nikamwambia hayo hayatoki, hayo ndiyo jiko langu.

"Baba Shamila, unaniaibisha kwa vichaka vinne? Atakayegusa jani moja atanitambua."

Nikapakia kwenye kirikuu, nikapanda nayo Kitangari. Nilizika viriba mwenyewe, mashina mama nikayaweka karibu na baraza palipo na kivuli. Majirani wanaohangaika na ndoo za maji kila siku walisimama wakanitazama nikimwagilia ndago. Nikarudi Masasi.

Harusi ilipokwisha nikaenda kuchukua vitu vyangu.

Uwanja ulikuwa mweupe kama sahani. Umefagiwa, mistari ya ufagio inaonekana. Viriba vitupu vimerundikwa karibu na choo.

Abdulatifu akanipokea kwa uso wa msiba, akanishika mkono hataki kuuachia. Akanieleza kwamba kabla ya harusi wanawake walikuja kusaidia kusafisha uwanja, kama kawaida yetu, kila mmoja na jembe lake. Yeye alikuwa Newala kufuata mchele. Aliporudi, kazi imekwisha.

"Hawa wanawake, bosi. Hawakujua."

Nilikaribia kumhurumia. Ni kweli, mwanamke wa huku amelelewa akipigana na ndago. Kuziacha kwenye uwanja wa harusi ni kumtukana mwenye nyumba.

Nikazunguka nyuma nikaone kama kuna hata kipande kimepona. Nikamkuta dada mkubwa wa Abdulatifu, Bi Adija, anasugua sufuria. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamuuliza kwa upole, mbona hamkuuliza kwanza?

Akaweka sufuria chini.

"Tuliuliza. Ndago zimepangwa mstari kama watoto wa shule, nani asingeuliza?"

"Mlimuuliza nani?"

"Mwenye nyumba. Si alikuwa hapo barazani na wakwe zake."

Hakuwa Newala. Hakukuwa na mchele.

Bi Adija akanisimulia kwamba mkwe mmoja alishaanza kutania, akiuliza kama huo ndio mpunga wa huku. Ndipo Bi Adija akamuuliza mdogo wake, hizi ndago ni za nini? Wanawake wakaangua kicheko, wakwe nao wakacheka.

"Na yeye akacheka. Akasema, 'Sijui hata zimetoka wapi. Ng'oeni, wapeni mbuzi.' Karai alituletea yeye mwenyewe."

Nikarudi barazani. Alinitazama usoni, akajua nimeshajua. Hakuomba radhi.

"Sasa ningewaambia wakwe nimepanda ndago?" akasema kwa sauti ya chini.

Mwanaume na ndevu zake.

Nimeshaibiwa sana kwenye kazi hii, na mwizi namwelewa. Mwizi anakitaka kitu chako. Huyu hakukitaka hata. Alitaka tu asichekwe, kwa dakika moja, na watu ambao wangepanda basi harusi ikiisha.

Ndugu msomaji, kitu kinachokulisha usimwazime mtu anayeogopa kuchekwa. Atakikana mbele ya watu, halafu atakushika mkono akupe pole.

Hasara yangu ni hii. Za shaba, hakuna. Za dhahabu, hakuna. Za mstari mweupe, hakuna. Mashina mama manne, hakuna hata moja. Yule dereva wa lori hapiti tena huku, na pa kupata mengine sipajui. Na gesti ya hapa Masasi iliyokuwa inanisubiri nigawe mashina msimu huu imechoka kusubiri, imeweka majani ya plastiki.