Joka la Sebuleni kwa Baba Mkubwa

Televisheni ya Baba Mkubwa ilikuwa na harufu yake. Ilikuwa harufu ya vumbi lililoungua, ya mbao zilizopakwa vanishi, na ya kitambaa cha kufuma kilichokaa juu yake wiki nzima bila kuguswa. Ikishapata moto, harufu ile ilijaa sebule yote na kuchanganyika na ya makoti yetu, maana sisi watoto wa Tetu tulinuka majani chai mabichi, moshi na maziwa, na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa hilo. Mpaka leo nikipita kibandani kwa fundi wa redio, vumbi likiungua juu ya waya zake hunirudisha palepale: sakafu ya simenti nyekundu, likizo ya Agosti, ukungu mzito uliouficha mlima hadi tukausahau. Nilikuwa darasa la sita. Baba yangu alikuwa amefariki mapema mwaka ule, na kaburi lake upande wetu wa shamba lilikuwa bado halijaota nyasi.

Baba Mkubwa alikuwa kaka yake Baba, na nyumba yake ndiyo pekee iliyokuwa na stima katika mgongo wetu wa kilima. Binti yake wa kwanza, muuguzi ng'ambo, alikuwa ametuma mashine ya michezo: kisanduku cha kijivu kilichounganishwa na televisheni kwa waya, na kaseti moja tu ya kuchomeka. Mwenye kushika vitufe alikuwa Ndirangu, binamu yangu mkubwa, ambaye hakumwachia mtu yeyote isipokuwa alipokwenda msalani, na hata huko alienda mbio. Mdogo wake Kamau, rika langu, aliruhusiwa kupangusa kioo. Mimi niliitwa kwa sababu moja. Mchezo wenyewe ulijaa maneno ya Kiingereza, na ingawa Ndirangu alikuwa sekondari, Kiingereza kilimpiga chenga. Basi ukungu ukishuka ningesikia akipiga kelele kutoka upande wao wa shamba, "Nyambura! Kuja usome, hii kitu imesimama!" Nami ningeacha kuchambua maharagwe na kukimbia.

Huko ndani aliishi joka. Kwetu hakuna neno la mnyama wa namna ile, mwenye mabawa na anayetema moto, kwa hiyo Kamau alimpa jina la Ndamathia, yule nyoka mkubwa wa mtoni ambaye nyanya zetu walitutishia naye ili tusichezee majini. Hadithi yake ilikuwa hivi. Hapo mwanzo joka lilikuwa dogo, mlinzi wa kawaida asiyezidi mbwa kwa ukubwa. Vijiji vya nchi ile vilikuwa kila kimoja na moto wake, na vita vilipoingia, wazee wao wakakubaliana kulikabidhi joka mioto yote, kwa kuwa ni lenyewe tu lisiloungua. Liwahifadhie mpaka amani irudi. Amani ikarudi, joka halikurudisha. Kila moto lililoumeza uliliongezea urefu, na kila lilipoongezeka lilidai cheo kipya: kwanza Mlinzi, kisha Chifu, kisha Mfalme, hadi likachoka na vyeo vya watu na kujiita Moto wenyewe. Shujaa wetu, kijana wa nukta nukta mwenye upanga, alitakiwa kwenda kijiji hadi kijiji akitafuta mashahidi wa kusema kwamba mioto ile iliwekwa amana tu. Upanga haukukata kitu mashahidi wasipopatikana.

Na mashahidi hawakupatikana. Kila mwanakijiji wa mchezo ule alikuwa na sentensi moja tu aliyopewa na waliomtengeneza, na hata umbonyeze mara ngapi, alikujibu hiyohiyo. Mmoja alisema, "Ulizeni jirani." Mwingine alisema joka ni jema, msilichokoze. Mzee mmoja mwenye kofia, aliyesimama karibu na kisima, alijibu kila mara, nami nikamtafsiri kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Mimi sikukuwa hapo." Ndirangu alimtukana mzee yule matusi ambayo siwezi kuyaandika. Tulipokaribia kupiga hatua, stima ilipotea, kama kawaida yake kwenye mvua, na kwa kuwa kaseti haikukumbuka kitu, tulianza upya kabisa: vijiji vina moto wao, na joka ni mlinzi mdogo aketiye mlangoni. Kila stima ilipopotea, maovu yote yalifutika. Kamau aliona kwamba tunapata hasara. Mimi nilipapenda sana pale mwanzo.

Sasa nieleze habari ya shamba, kwa sababu siku zile sikuzungumza na mtu jambo jingine isipokuwa joka na shamba. Wakati ardhi ilipopimwa na kuandikishwa, mwishoni mwa ukoloni, Baba alikuwa mvulana bado. Kwetu ilikuwepo desturi ya muramati, yaani ndugu mkubwa anayeshika shamba la ukoo kwa niaba ya wadogo zake, awagawie wakikua. Babu aliona kuandikisha shamba lote kwa jina la mwanawe mkubwa ni jambo lilelile la zamani, ila sasa limewekewa muhuri. Familia nyingi zilikosea hivyohivyo, kwa nia njema kabisa. Babu na rafiki yake, Mzee Gathogo, walipima kwa miguu wakapanda matoka katikati ya shamba, yale maua ya mpakani ambayo kwetu hayang'olewi, maana atakayeyang'oa amejitakia laana. Baba alipooa alijenga upande wetu wa matoka, akapanda chai, akafa. Kwenye cheti cha shamba jina lake halikuwemo. Kwa hiyo jambo lililokuwa mbele yetu Agosti ile lilikuwa moja tu: kama mimi na Mama tungebaki kwenye ardhi alimozikwa Baba, au tungefukuzwa.

Baba Mkubwa hakuwa na pembe, nalisema hilo wazi. Alikuwa mtu wa kanisa, mwenye sauti nzuri ya besi, aliyetugawia mkate wenye siagi tukicheza. Aliketi kwenye kiti chake chenye vitambaa akitutazama, na polepole mchezo ule ukamwingia kuliko ulivyotuingia sisi. Alitaka nimsomee joka tu. Shujaa hakumjali. Siku moja joka lilipoulizwa na shujaa kwa nini limeiba, lilijibu, nami nikatafsiri: "Sikuiba. Mlinipa wenyewe." Baba Mkubwa akapiga goti lake kwa kiganja. "Ati aje? Rudia hapo." Nikarudia. Akacheka kwa raha, akamwambia mwanawe, "Ndirangu, unasikia? Hii nyoka iko na akili kushinda hao watu yote." Nasi tukacheka, kwa kuwa mwenye nyumba akicheka watoto hucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakutuambia kwamba huenda kikakupa na mkate.

Wiki iliyofuata matoka yalitoweka. Baba Mkubwa hakuyagusa kwa mkono wake. Aliajiri kibarua kutoka mbali, mtu asiyejua ni kitu gani anachong'oa, naye akayafukua yote asubuhi moja na kuyatupa zizini kwa ng'ombe. Mama alikuwa kwenye kituo cha kupimia chai. Aliporudi na kikapu mgongoni, alisimama palipokuwa na mpaka, akautazama udongo mwekundu uliofunguka kama ufizi uliong'olewa meno, na hakulia. Kesho yake alivaa kitambaa chake cha kanisani akaenda kushtaki. Majirani walimwambia mwenye nguvu mpishe. Aliwajibu kwamba ameshapisha vya kutosha.

Shauri lilisikilizwa uani kwa Baba Mkubwa, chini ya madirisha ya ile sebule. D.O., afisa wa serikali wa tarafa, alikuwa kijana kutoka mbali asiyejua Kikuyu, kwa hiyo watu wazima wote walilazimika kusema Kiswahili, na nilishangaa kuona wakubwa wakitafuta maneno kama watoto. Sisi tuliamriwa tukae ndani tusifanye kelele. Ndirangu alipunguza sauti ya televisheni akaendelea kucheza. Mimi na Kamau tulijibana dirishani.

Mama alisimama. "Bwana D.O., mzee, baba yao, alisema mbele yangu akiwa mgonjwa. Mimi ndio nilikuwa nimeshika uji yake. Alisema hii shamba iko mbili, mpaka ni matoka. Akasema mwenye kushika hiyo karatasi anashikia ndugu yake, sio yake pekee."

"Huyu ni bibi ya mtu, alikuja tu juzi," Baba Mkubwa akasema kwa upole. "Mambo ya ukoo yetu atajua aje? Na hiyo matoka anasema iko wapi? Mimi sioni."

D.O. akauliza kama yuko mwingine aliyeshuhudia. Watu wote wakamtazama Mzee Gathogo. Ni yeye aliyeshika jembe siku mpaka ulipopandwa, na siku ile ya uji alikuwa ameketi miguuni pa kitanda cha Babu. Alikuwa ametusimulia mwenyewe, tena na tena, bila kuombwa. Lakini ng'ombe wa Mzee Gathogo walikula nyasi za nepia za Baba Mkubwa, na kiangazi hakikuwa mbali. Alivua kofia, akaigeuzageuza, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo.

"Mimi sikukuwa hapo," akasema.

Kamau alinibana mkono. Alikuwa ameisikia sentensi ile kama nilivyoisikia mimi. Huko nje Baba Mkubwa alimalizia kwa ile sauti yake ya kwaya, akieneza viganja vitupu mbele ya D.O.: "Mimi sikuiba kitu ya mtu. Nilipewa." Maneno yalitoka kinywani mwake laini kabisa, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi, na nilijua aliyafanyia wapi. D.O. akauliza cheti kina jina la nani, akaonyeshwa, na mambo yakaishia hapo.

Watu walipotawanyika, Baba Mkubwa aliingia sebuleni, akaketi kitini pake, akatugawia mkate. "Mbona mmekufa hivyo? Endeleeni," akasema. "Nyambura, soma. Huyo mzee wa kofia anasema nini?" Nilikuwa na miaka kumi na miwili na aliyeulizwa na mkubwa sharti ajibu. Nikasoma. Alicheka mpaka akakohoa, na kwa mara ya kwanza Kamau hakucheka naye. Niliweka mkate wangu juu ya mkono wa kiti bila kuula, nikatoka, nikavuka udongo ule uliofukuliwa, nikamkuta Mama jikoni akipepeta maharagwe kana kwamba ni siku kama nyingine. Nilimchukia Baba Mkubwa kwa chuki ambayo sikujua mtoto anaweza kuibeba. Mzee Gathogo nilimchukia zaidi.

Tuliondoka kabla ya shule kufunguliwa. Mama aliyachimbua mafiga matatu ya jikoni kwake akayafunga kwenye gunia. Wanawake wa mgongo wetu walimkataza, wakisema mafiga hayahamishwi, ni bahati mbaya. Aliwauliza ni bahati ipi nzuri iliyobaki wanayoiogopea. Tulishukia Kenol, njia panda yenye vumbi na joto, kwa dada yake, na hapo akaanza kuwapikia madereva wa malori githeri ya mahindi na maharagwe, na uji, juu ya mafiga yaleyale. Kaburi la Baba lilibaki Tetu. Nasikia lilipandwa chai.

Miaka imekwenda. Mwanangu hucheza michezo kwenye simu, na majoka ya siku hizi yana rangi zote na magamba unayoweza kuyahesabu. Juzi alinieleza kwamba katika mchezo wake unaweza kuchagua kuwa joka wewe mwenyewe, na kwamba wengi huchagua hivyo kwa kuwa unafika mbali upesi. Michezo ya sasa hukumbuka kila kitu. Simu ikizima, ukiiwasha unakuta joka palepale ulipoliacha. Nilimwambia kwamba kwetu mambo yalikuwa hivyo tangu zamani, isipokuwa kwenye kaseti.

Baba Mkubwa alikufa akiwa mzee, akazikwa kwa hotuba nyingi. Kabla ya kufa alikuwa ameliandika shamba lote kwa jina la Ndirangu, awagawie wenzake. Mwaka jana Kamau alikuja Kenol, kwa Mama, ambaye sasa ana nyumba yake ya mawe na jiko la gesi, na mafiga yamekaa nyuma ya mlango. Nilikuwapo. Kamau amezeeka, mikono yake ina nyufa za mtu wa kibarua. Ndirangu amemfukuza pamoja na watoto wake, anasema yeye alipewa. Kesi iko mahakamani. Kamau alikuwa amekuja kumwomba Mama akaseme yale aliyoyasikia kitandani kwa Babu, kwamba mwenye karatasi huwashikia ndugu zake. Mama ndiye peke yake aliyebaki hai kati ya waliosikia.

"Mama, wewe ulikuwa," Kamau alisema. "Wewe ndio ulikuwa umeshika uji."

Mama alimmiminia chai, akamtilia sukari, akamsogezea mkate. Kisha akaketi, akapangusa mikono kwenye leso, akamtazama machoni kwa upole mwingi.

"Mimi sikukuwa hapo," akasema.

Kamau aliinamisha kichwa. Aliijua sentensi ile, na alijua pia kwamba hata ukibonyeza mara ngapi, haibadiliki. Mimi nilisimama mlangoni karibu na mafiga, na ningependa kuandika kwamba nilimhurumia, kwa maana yeye ndiye aliyenibana mkono siku ile dirishani. Huruma ilikuja baadaye, nilipokuwa nikimsindikiza barabarani na kumwona akihesabu nauli ya kurudi. Lakini pale mlangoni, kwa muda wa Mama kunywa kikombe chake, nilichohisi ni furaha, na ilikuwa ikinikua kifuani.