Mwalimu wa Kuanguka

"Binti yangu Winnie haendi! Huyo mwalimu wenu wa karate kasomea kwenye banda la video," Malimi alifoka.

"Na wewe kukoroma ulisomea Uchina?" mkewe Wilhelmina akamjibu. Yeye alishampenda mwalimu yule mwenye viganja kama makasia na sauti ya kubembelezea watoto. Hafundishi ngumi mpaka ujue kuanguka. Wanafunzi wake huanguka juu ya magunia ya pamba mpaka kuku wa Buswelu nao, haki ya Mungu, wameshajua kuanguka. Siku moja kwenye kivuko cha Kigongo, mlevi mmoja alimzaba kibao kikasikika ng'ambo, Busisi. Mwalimu akaanguka vizuri, akainuka, akauliza, "Mkono haujaumia, ndugu?"

"Mwoga tu! Akikanyaga hapa nitam..."

"Hodi! Shikamoo, mzee. Nimemfuata Winnie, mazoezi yanaanza."

Malimi akajikuta anamsogezea mwalimu kigoda.