Huko Nyuma kwa Kuku wa Mama Mkwe

Juzi nikiwa kwenye duka la dawa za mifugo hapa Mlowo, aliingia mzee wa kanisa, tai shingoni, kiroba kwapani. Akamwinamia dada muuzaji, akanong'ona:

"Mwanangu, huko nyuma hakuko sawa. Pamevimba, na haja inagandia palepale."

Dada akarudi hatua moja. "Pole, baba. Ila hapa tunauza dawa za mifugo."

"Ni kuku," akasema mzee, na kiroba kikalia kumuunga mkono. "Mama mkwe kaniletea kutoka Isongole. Jumapili anakuja kumjulia hali."

"Kule alikuwa anakula nini?"

"Mahindi na majani. Kwangu anakula wali wa mafuta. Si mgeni?"

"Basi ukarimu wako ndio unaomharisha. Mrudishie mahindi yake, na huko nyuma pasafishe kwa maji ya uvuguvugu. Asipopata nafuu, mpeleke kwa daktari wa mifugo."

Mzee akatutazama wateja wote. "Nipasafishe mimi?"

"Au utamsubiri mama mkwe?"

Akanunua glavu.

Wanaume bwana. Mahali hapo tunaona haya kupataja kuku akiwa hai, lakini akishapikwa tunapagombania.