Gitaa Kavu Lililokataliwa

Kabla sijaeleza lolote, natenganisha mambo mawili. Yale niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu nitayaandika bila kusita. Yale niliyosimuliwa, hata na watu ninaowaheshimu, nitayaita maneno ya watu, au nitayaacha kabisa. Kuhusu Naetwe wa Kihurio yamesemwa mengi hapa Same, na wengi wa wasemaji hawakuwapo.

Nilianza kazi ya duka miaka michache baada ya Uhuru, nikiwa nimemaliza masomo ya sekondari na kujiona nimestahili meza na kiti. Duka lilikuwa karibu na stesheni ya reli. Liliuza taa, cherehani, baiskeli na, kwenye ukuta wa nyuma, magitaa. Mwenye duka alikuwa Mgoa, mwenye asili ya India, mtu wa maneno machache, ambaye jioni alipiga gitaa nyuma ya kaunta kabla ya kufunga milango. Siku ya kwanza aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamjibu kwa majivuno.

"Vizuri," alisema. "Hapa utaanza la kwanza. Shusha gitaa moja, lolote."

Nikashusha lililong'aa kuliko mengine. Akalipokea, akafumba jicho moja na kuitazama shingo yake kutoka kichwani kwenda tumboni, kama fundi seremala anavyoutazama ubao kabla ya kuununua. Kisha akanipa nami nitazame. Shingo ilikuwa imepinda.

"Hili tunamuuzia nani?" aliniuliza.

"Anayelitaka, bwana."

"Hapana. Hili tunamuuzia anayetaka kutundika ukutani. Anayetaka kujifunza hatumuuzii adui."

Neno hilo, adui, ndilo lililokuwa msingi wa mafunzo yangu. Mtu anayeanza hajui kwamba vidole vinauma kwa sababu ya chombo; hudhani vinauma kwa sababu yeye hana kipaji. Kwa hiyo muuzaji ana wajibu. Nilifundishwa kupima nafasi iliyopo kati ya nyuzi na shingo, kwa maana nyuzi zikiwa juu sana mwanafunzi atazikandamiza mpaka mkono ufe ganzi. Nilifundishwa kubonyeza kila uzi mbele ya kila kipande cha chuma kilichokatiza shingoni na kusikiliza kama unakwaruza. Nilifundishwa kugonga mgongo wa gitaa kwa kifundo cha kidole: mbao zilizoshikana vyema hujibu kwa sauti moja, na zilizoachana gundi hujibu kwa mtetemo kama wa bati bovu. Nyuzi za nailoni ni laini kwa anayeanza. Za chuma huchana ngozi. Na mwisho, nilifundishwa kumuuliza mnunuzi atapigia wapi. Gitaa lililokaa kwenye ukungu wa Vudee, milimani, likishushwa ghafla kwenye joto la Same hupasuka viungo, na mteja hurudi kututukana.

Si wote waliopenda maswali yangu. Vibarua wa mashamba ya mkonge, watu wa Kigoma, Iringa na Singida, walikuja kwa makundi. Mmoja alinyoosha kidole moja kwa moja.

"Nipe lile jekundu."

"Unajua kupiga?" nikamuuliza.

"Ningekuwa najua, ningekuja kununua la kwanza?" Wenzake wakacheka mpaka wakaegemea kaunta. Lakini alikaa, akajaribu manne, na akaondoka na jeusi lisilo na mapambo. Huyo nilimwona baadaye akipiga harusini, na alipiga vizuri.

Baada ya Azimio la Arusha, mwenye duka alihama. Sababu za kuhama kwake nimesikia za aina nyingi na sizirudii; niliona tu akikabidhi funguo. Duka likawa la ushirika. Tukaletewa Meneja, mtu mrefu aliyekuwa mnyapara wa mkonge, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Nasema kwa haki kwamba hakuwa mwizi wala mvivu. Lakini alipima kila kitu kwa uzito na mng'ao, na mimi aliniita "Profesa" mbele ya wateja, kwa namna ambayo haikuwa sifa.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Bendi za Vijiji. Kila kijiji cha ujamaa kilichoteuliwa kingepewa gitaa moja na mpigaji mmoja wa kufundishwa. Baadaye wapigaji wote wangekutana Same kwenye maonyesho, na atakayeshinda angepelekwa chuo kusomea ualimu wa muziki. Kihurio kilimteua Naetwe.

Alikuwa msichana mwembamba, mzaliwa wa Vudee, ambaye wazazi wake walikuwa wameteremka kulima mpunga. Alikuwa amefaulu darasa la saba lakini nafasi za sekondari hazikumfikia. Baba yake, kama Naetwe mwenyewe alivyonieleza, alikuwa amempa mpaka siku ya maonyesho. Akikosa chuo, angeolewa na mtu aliyekwisha kuleta posa. Aliniambia hayo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya chumvi.

"Shikamoo kaka. Nimetumwa kuchukua gitaa la kijiji."

"Marahaba. Umewahi kulishika?"

"La mwinjilisti, kanisani. Alikuwa anatunyang'anya kabla halijapata joto la mkono."

Nilimshushia gitaa dogo la kahawia, lenye nyuzi za nailoni zilizokaa chini. Lilikuwa gitaa kavu. Vijana wa leo wanalijua neno hilo: ni gitaa lisilohitaji umeme, linalotoa sauti kwa tumbo lake lenyewe. Nilimwonyesha mikao mitatu ya vidole, nikaenda kuwahudumia wanunuzi wa mafuta ya taa. Niliporudi alikuwa ameupata mwanzo wa wimbo wa Kipare wa kutwanga, akiurudia kwa uvumilivu, na mama mmoja aliyekuja kununua utambi alikuwa amesahau kuondoka.

Wakati huohuo Meneja aliingia na Katibu wa Kamati, mtu mnene mchangamfu aliyependwa na wengi.

"Hilo ni gitaa gani?" Katibu aliuliza.

"Ni gitaa kavu, Ndugu Katibu. Linamfaa."

"Kavu?" Akamgeukia Meneja. "Umemsikia Profesa wako? Chai kavu tunakunywa mwisho wa mwezi. Ugali mkavu tulikula mwaka wa njaa. Leo Serikali inawapa wananchi zawadi, nayo iwe kavu?"

Watu dukani walicheka. Nilisubiri kicheko kiishe, nikaeleza kwa utaratibu kwamba kavu hapa maana yake si ufukara. Maana yake ni kutotegemea waya.

"Lile pale lenye pembe na vifungo linaitwaje?"

"Gitaa la umeme. Bila amplifaya halisikiki. Na Kihurio hakuna umeme, Ndugu."

"Umeme utakuja. Gitaa litangulie, umeme utalikuta huko."

"Msichana huyu ana maonyesho miezi michache ijayo. Hilo lina nyuzi za chuma, ni zito, na hatasikia anachopiga."

Meneja alinikata. "Profesa, wewe unauza au unahukumu? Lete la umeme."

Naetwe aliliweka lile la kahawia juu ya kaunta taratibu. Akapokea lile lingine kwa mikono yote miwili, akapiga goti kidogo na kusema asante, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kufanya mbele ya wakubwa. Amplifaya ilisemekana ingefuata. Haikufuata.

Nilipelekwa Kihurio mara moja kupeleka nyuzi za akiba, kwa hiyo yafuatayo niliyaona. Naetwe alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, kichwa cha gitaa amekigandamiza kwenye ubao wa mlango na sikio lake amelilaza kwenye ubao huohuo. Kwa namna hiyo mlango uligeuka kuwa tumbo ambalo gitaa halikuwa nalo. Aliyesimama karibu alisikia. Aliyekuwa njiani aliona mtu anaukumbatia mlango. Wanawake wawili wakaja wakielekea mashambani.

"Mwali, hicho chungu chako kimechemka leo?"

"Bado, shangazi. Kuni mbichi."

"Utatulaza njaa sisi!"

Wakapita wakicheka, na yeye alicheka pia. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vimefungwa vitambaa. Nilimuuliza kama angependa nimwombe tena Meneja abadilishe. Akasema, "Usiombe, kaka. Wakilichukua hili, watasema wa Kihurio amekataa zawadi, na lile hawatanipa." Niliomba hata hivyo. Meneja alinijibu kwa kunihamishia ghalani, kuhesabia watu magunia ya saruji.

Siku ya maonyesho nilikwenda uwanjani kwa miguu yangu mwenyewe, si kwa kutumwa. Palikuwa na jenereta moja na amplifaya moja, na katika amplifaya hiyo kilikuwa kimechomekwa kipaza sauti cha hotuba. Wapigaji wa vijiji vingine walikuwa na magitaa makavu waliyoazima makanisani au waliyokuwa nayo kwao. Kihurio pekee kilikuja na zawadi yenyewe, kwa kuwa vijiji vingine vilikuwa bado havijapewa zao. Zamu ya Naetwe ilipokaribia nilimfuata Katibu, nikamwomba kipaza sauti kichomolewe kwa muda wa wimbo mmoja.

"Mgeni wetu rasmi bado hajatoa shukrani," alisema. "Kipaza sauti hakiondolewi mbele ya kiongozi. Mwambie apige kwa nguvu."

Hakuelewa, hata siku ile, kwamba gitaa lile haliongezi sauti kwa kupigwa kwa nguvu.

Naetwe alisimama katikati ya uwanja. Upepo wa Same, ambao kila aliyeishi hapa anaujua, ulikuwa unapuliza vumbi kuelekea jukwaani. Mimi nilisimama nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kugusa kamba ya gitaa. Alianza. Meza ya waamuzi ilikuwa mbali, chini ya turubai. Aliupiga ule wimbo wa kutwanga, mwanzo wake, mzunguko wake, na pale unapopanda, bila kukosea. Alipokuwa katikati mtu mmoja alipaza sauti kutoka kwenye umati:

"Dada, anza basi! Jua linatuua!"

Mwingine akadakia, "Mwacheni, anaomba kwanza!"

Uwanja mzima ulicheka. Hakusimama. Alimaliza wimbo, akainamisha kichwa kwa heshima, na hakuna aliyepiga makofi isipokuwa mimi, jambo lililowachekesha zaidi.

Nilikwenda kwenye meza. Nikamwambia mwamuzi mkuu, mtu mwenye elimu na adabu, kwamba msichana yule amepiga wimbo mzima na ameupiga sahihi.

"Nani amesikia?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna aliyekuwa karibu."

Alinitazama kwa huruma. "Ndugu yangu, ushahidi wa mtu mmoja tukiuchukua, kesho kila mtu ataleta wake. Sisi tunahukumu tulichosikia."

Maisha yangu yote nimedai watu wasiseme wasichokisikia wenyewe. Siku ile kanuni yangu ilitumiwa mbele yangu, kwa lugha safi, kumnyima mtu haki yake. Alishinda kijana mwingine, aliyepiga wastani kwa gitaa lililosikika.

Nilifanya kazi ghalani, kisha nikarudishwa kaunta chini ya Meneja wa pili, kisha wa tatu, mpaka nilipostaafu. Katibu alipandishwa cheo. Lile gitaa dogo la kahawia liliamriwa likae kwenye ghala la bati, lisiwachanganye wateja, na joto likaachanisha mbao zake moja baada ya nyingine. Mabaki yake niliyafagia mimi.

Sasa nimestaafu, na vijana hunijia kuniuliza wanunue gitaa lipi la kwanza. Nawaambia niliyofundishwa. Watazame shingo, si rangi. Wakae nalo kabla ya kulilipia. Wachague linalosikika pale watakapokaa, si pale wanapotamani kukaa. Wengi huitikia "sawa mzee" na kwenda kununua wanayoyaona kwa wasanii. Siwalaumu. Wao angalau wanajichagulia wenyewe; kukosea kwa kujichagulia ni jambo ambalo mtu anaweza kulirekebisha.

Huniuliza pia habari za Naetwe. Wapo wanaosema alipiga gitaa katika bendi moja ya Tanga. Wapo wanaosema aliolewa mwezi uleule na hakugusa tena chombo. Mmoja aliniapia kwamba amemwona huko Kighare akifundisha kwaya. Hayo ni maneno ya watu, na kila mmoja anayesema ananitazama usoni kuona kama nitafurahi.

Ninachoweza kuapia ni hiki. Siku chache baada ya maonyesho alikuja dukani kurudisha gitaa, kama kijiji kilivyoagizwa, nami nikaitwa kutoka ghalani kulipokea. Alinisalimia, akaliweka juu ya kaunta, akasema ana haraka kwa sababu basi la Kihurio linaondoka. Wanaorudisha vyombo huvirudisha vichafu, nyuzi zimelegea au zimekatika. Alipotoka nililipeleka nyuma ya ghala, nikaligandamiza kwenye mlango, nikalaza sikio langu kwenye ubao na kupitisha kidole kwenye nyuzi, kuanzia ule mnene. Zote sita zilikuwa zimepatanishwa sauti.