Midomo Myekundu ya Mama Mkwe

Wadau, umewahi kufungiwa ghalani na wifi yako huku maiti iko chumba cha pili? Basi kaa hapo nikusimulie.

Naitwa Brenda, nina duka dogo la vipodozi Nyakato, hapa Musoma. Asubuhi hiyo nikapigiwa simu kwamba mama mkwe wangu, Mama Yuliana, amefia usingizini kijijini Butiama. Mume wangu Isaya alikuwa machimboni Buhemba, simu haipatikani. Nikatangulia peke yangu.

Nafika, nakuta wanawake wanatoka chumbani mbio. Maji ya kumuoshea marehemu yamemwagika mpaka mlangoni.

Nikaingia. Nikaona.

Midomo ya marehemu ilikuwa myekundu kama damu ya kuku. Walishaisugua kwa maji na sabuni, wapi! Haitoki.

"Hii ni sumu," wifi yangu Boke akasema. Boke ni kiongozi wa kwaya, akisema neno nyumba nzima inaitikia. "Mama tangu azaliwe hajapakaga kitu mdomoni. Sumu imepanda kutoka tumboni!"

Mimi moyo paa!

Ile rangi naijua. Ni lipstiki ya dukani kwangu, ile isiyotoka. Ina mafuta fulani ya kiwandani, mepesi kama spiriti, kwenye boksi yameandikwa isododekeni. Ukishapaka, mafuta yanapotelea hewani, rangi inabaki imeng'ang'ania. Wateja huwa nawaambia, kunywa chai, lia, pigwa busu, haibanduki.

Wiki iliyopita mama mkwe alikuja akaichagua mwenyewe. "Usimwambie mtu, hasa Boke. Atanitangaza kanisani." Nikacheka, nikamuahidi.

Sasa niseme nini? Nikinyamaza, ni sumu. Nikisema ni lipstiki yangu, basi sumu imetoka dukani kwangu.

Nikafungua mdomo, nikafunga. Boke akaniona.

"Brenda, mbona unatetemeka? Si wewe unauzaga madawa ya kubadilisha watu ngozi?"

Sikupata hata nafasi ya kujibu. Wakaninyang'anya simu na mkoba, wakanisukumia kwenye ghala la mahindi, kufuli kwa nje. "Utakaa humo mpaka polisi waje!"

Ndugu zangu, giza, vumbi la mahindi, panya wanapita miguuni. Uwanjani wanaume wamekaa na baba mkwe, Mzee Nathanieli, hawana habari. Kwao mwanaume hasogei pale mwanamke anapooshwa. Na mimi kumpigia kelele baba mkwe ningeanzia wapi? Mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Tangu niolewe sijawahi kumpa hata mkono.

Lakini kilichonitesha zaidi haikuwa kufuli. Nilianza kujiuliza, je, kama ni kweli? Nauza mafuta ambayo hata jina lake nalitamka kwa kujikwaa. Kama yamemwingia tumboni je? Kama nimemuua mtu aliyenipenda kuliko wote nyumba ile?

Nililia mpaka nikaliogopa duka langu mwenyewe.

Mara nikasikia kupitia ukutani sauti ya Mama Marieta, dada wa marehemu. "Sumu au si sumu, dada yangu haendi kaburini mkavu. Leteni samli."

Marehemu akishaoshwa lazima apakwe mafuta. Hilo hata Boke hawezi kulipinga.

Wakaleta, akaanza kumpaka. Halafu akashangaa, "Ee! Mbona inatoka? Angalieni kitambaa! Jamani, hii ni rangi ya mdomo!"

Maji yalishindwa, samli imeweza. Kumbe dawa ya mafuta ni mafuta wenzake. Nikashusha pumzi.

Kumbe bado.

"Basi ni rangi ya Brenda, yeye ndiye kafanya mama apakwe!" Boke akapiga kelele. "Amemdhihaki mama yangu, mama wa kanisa!"

Kufuli likalia, mlango ukafunguka. Boke ana mwiko wa ugali mkononi, Mama Marieta na wenzake nyuma yake. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye magunia.

"Boke."

Mzee Nathanieli alikuwa amesimama nyuma yao, kelele zimemvuta. Alikuwa amenipa mgongo asinitazame.

"Ni mimi nilimpaka."

Wanawake wote wakageuka.

"Jumapili hii ingekuwa jubilei ya ndoa yetu. Alitaka apige picha akiwa amependeza. Jana jioni akawa anajaribisha, mkono unamtetemeka, nikampaka mimi. Akaniuliza, 'Nimependeza?' Nikamwambia eeh. Ameenda kulala anacheka."

Kisha akauliza taratibu, "Nani amemfuta?"

Mama Marieta akaficha kitambaa nyuma. Mwiko ukamponyoka Boke.

Mzee akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa ile lipstiki. Alikuwa nayo tangu asubuhi. Halafu akafanya jambo ambalo kijiji kile bado kinalizungumza. Akageuka, akanitazama usoni, akaninyooshea.

"Mkamwana, mrudishie rangi yake."

Tukamfuta samli midomoni, nikaanza kupaka. Boke ndiye aliyemshika mama yake kidevu, machozi yanamdondokea kwenye kanga, na yeye ndiye aliyekuwa ananielekeza.

"Hapo pembeni bado kidogo, wifi."

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujamfungia mtu ghalani, kamuulize kwanza aliyelala kitanda kimoja na marehemu. Na kama mama yako yupo, mpeleke akapige picha yake leo, na midomo apake rangi anayoitaka mwenyewe.