Koti la Baridi Katika Jua la Tala

Twaa! Ndivyo kamba ya robota la mitumba ilivyokatika siku ile sokoni Tala, na mpaka leo nausikia mlio huo. Nguo zikafumuka, na katikati yake likatokea koti jekundu, zito, la nchi za theluji.

Sikuwa nimekuja kutafuta koti. Nilikuja kununua gata, ile mifereji ya bati ya paani. Mama ana tangi kubwa nyumbani, lakini bila gata maji ya paa humwagika chini tu, naye huteremka mtoni na goti lake bovu. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika.

Nikalishika koti lile. Kazi yangu kule EPZ, kwenye kiwanda cha nguo, ni kushona mfuko wa suruali, tena wa kushoto tu, kutwa nzima. Koti hili nikaligeuza ndani nje: bitana imeshikizwa kwa mkono, vishono vidogo kama punje za wimbi. Kuna mtu alikaa akalishona lote!

"Hiyo ni kamera, siste, daraja la kwanza," muuzaji akasema. "Lakini na hili jua utaenda nayo wapi?"

"Kanada." Sina hata pasipoti.

"Basi nibebe kwa begi!"

Hapo ndipo nilipoushangaa moyo wangu. Hoja zilikuja zenyewe, moja ikiisukuma nyingine. Nitajifunza ushonaji kwa kulitazama. Julai huku kwetu kuna baridi. Mama naye atalivaa kanisani. Na mvua, si huchelewa kila mwaka? Niliamini yote. Ningeweza hata kuapa. Nikalilipia kwa pesa za gata.

Mvua haikuchelewa. Ilinyesha Jumapili iliyofuata mchana, tukakimbia na mabeseni na sufuria huku maji yakipita kando ya tangi, yakienda zake shambani. Tuliyokinga yalitosha kupikia tu. Baadaye nikamwonyesha mama koti. Akalipapasa, macho yamemtoka.

"Aiya! Hii ni nzuri, mwiitu wakwa, binti yangu." Kisha akauliza, "Kwani gata hazikuwa sokoni?"

"Mama, nilikuwa nakufikiria wewe, ukienda kanisani..."

"Mimi? Na hili joto? Unataka nizirai padri akihubiri?"

Akacheka mpaka akalishika goti lake. Sikuweza kucheka naye.

Alfajiri, akiwa bado amelala, nilichukua mtungi nikashuka mtoni peke yangu. Mafuriko yalikuwa yameshapita, umebaki mchanga uliolowa. Nikachimba kwa bakuli, na maji yakaanza kupanda polepole, safi ajabu. Nikainama nikayaambia, "Nililitaka tu lile koti." Kisha nikaanza kuteka.