Siku Mama Alipoazima Makochi

Dada yangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi na ukunga hapa Mwanza. Kilichokosekana ni ada. Baba alikwishafariki, na mama aliuza dagaa kando ya barabara pale Kisesa. Dagaa wale walitulisha, lakini hawakuweza kutusomesha. Tumaini lilikuwa mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa afya wanaotoka familia zisizo na uwezo. Afisa ustawi wa jamii alitutumia ujumbe kwamba angefika Jumamosi kuona hali ya nyumbani kabla ya kuthibitisha maombi.

Katika ujumbe ule mama alisikia jambo moja tu: kuna mgeni.

Sisi ni watu wa Mara. Mgeni hapokelewi kwa jinsi nyumba ilivyo, hupokelewa kwa jinsi nyumba inavyomheshimu. Ijumaa nzima mama alibisha hodi kwa majirani, akiazima. Kulipokucha, kapeti jekundu lilifunika sakafu yetu ya udongo, na juu yake yalikaa makochi mawili yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, meza ya kioo, na redio kubwa ya umeme katika nyumba isiyo na umeme.

"Mama, huyu mtu anakuja kuona kwamba hatuna," dada alisema.

"Ataona. Ila ataona akiwa amekaa."

"Si akae kwenye mkeka?"

"Mtu wa serikali? Wewe, hujavaa hata gauni la uuguzi umeshaanza kunichoma sindano!"

Jirani yetu, aliyekuwa akipangusa kochi lake, alicheka hadi akashika ukuta.

Afisa alikuwa kijana mpole, viatu vyake vimejaa vumbi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa hapo, ndipo pazuri."

Aliketi, akazama. Akatazama huku na huku, akaandika, akatazama tena, akaandika. Mama akaleta wali na sato mzima, samaki ambaye hatukuwa tumemwona nyumbani tangu Krismasi.

Dada angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha. Lakini sentensi hiyo ingemvua mama nguo mbele ya mgeni, naye alilijua hilo. Alipiga magoti na jagi, akamnawisha afisa mikono, taratibu, asimloweshe shati. Masomo yake yalikuwa yakipotea pale mbele yetu, na uso wake ulikuwa umetulia kama ziwa asubuhi kabla ya upepo. Mpaka leo sijui ujasiri mkubwa kuliko ule.

"Redio hii ni ya hapa?" afisa aliuliza.

Mama alifungua mdomo. Nikaona "ndiyo" imefika kwenye meno. Kisha akamtazama dada, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, akashusha pumzi.

"Baba, hebu shika tena hiyo kalamu. Redio ni ya fundi cherehani. Kochi ulilokalia ni la huyo anayechungulia dirishani. Meza ni ya mzee wa kanisa. Ukiimwagia mchuzi tumekwisha."

"Na sato?"

"Sato ni wako. Huyo nimemnunua, usiniharibie!"

Dirishani jirani aliangua kicheko. Afisa naye alicheka, kisha akauliza kwa upole, "Na cha kwenu ni kipi, mama?"

"Mkeka. Nimeuficha nyuma ya nyumba."

Aliomba uletwe. Akavua viatu, akakaa chini, akatukaribisha tule naye. Aliposhiba alifungua ukurasa mpya na kuandika upya, huku mama akilalamika kwamba suruali ya mtu wa watu itachafuka.

Mkopo ulitoka. Leo dada ni mkunga katika zahanati ng'ambo ya pili ya ziwa, ukishavuka kutoka Kigongo. Watoto wengi wa wavuvi wamepokewa na mikono ileile iliyoshika jagi.

Niliwahi kumuuliza mama kwa nini alisema ukweli siku ile. Akaendelea kuchambua dagaa wake.

"Nilimwona dada yako ananistahi. Nikasema, mtoto wa namna hii nimkoseshe shule kwa kochi la mtu?"

Kila mwisho wa mwezi mama humpigia dada simu.

"Wamekata mkopo wao kwenye mshahara?"

"Wamekata, mama."

"Afadhali. Kuna mtoto wa mtu anasubiri."